Mke wa Padri wa Rietkapelle

Reinilde alikuwa mke wa padri, na sioni sababu ya kulizungusha jambo hilo. Siku hizi ukilisema mbele ya vijana wanainamisha macho, kana kwamba umetaja choo watu wakiwa mezani. Enzi zile hapa Rietkapelle hakuna aliyeinamisha chochote. Padri Folkwin alimwoa mlangoni mwa kanisa mchana kweupe, mbele ya wazazi na majirani, na mbele ya kondoo pia, maana baba yake Reinilde alichunga kwenye mbuga za maji chumvi na siku hiyo hakupata mtu wa kumwachia mifugo. Kondoo waliingia mpaka kwenye birika la ubatizo. Waliokuwepo walisema ilikuwa harusi nzuri.

Mimi nilikuja hapa baadaye kidogo, nikiwa bibi harusi. Jina langu ni Avezoete. Mume wangu Tankmar alikuwa msimamizi wa boma, yaani ukuta ule mrefu wa udongo unaoizuia bahari isitumeze, nami napika pombe ya shayiri. Nyumba ya padri ilikuwa ng'ambo ya njia tu, mlango kwa mlango. Kwa hiyo nayajua ninayoyasema, na asiyeniamini akawaulize bata wangu.

Reinilde alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa ya kuitia kondoo. Ndiye aliyefua vitambaa vya altare, na ndiye aliyeoka mikate ya misa kwa vile vyuma viwili vyenye mikono mirefu, akibana unga katikati juu ya makaa. Akioka hakutaka mazungumzo. Folkwin, kwa upande wake, alikuwa padri mwema na mtu mwoga. Mambo hayo mawili hukaa pamoja mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Macho yake yalianza kufifia mapema, misa akaisoma kwa kichwa, ila kalenda ilimshinda. Jumapili asubuhi ungemsikia Reinilde akimwambia dirishani, "Leo si mfungo, baba. Mfungo ni wiki ijayo. Usiwashindishe watu na njaa bure." Naye alishukuru. Walipendana bila kelele, nami niliwaonea wivu kidogo, kwa sababu Tankmar alikuwa akipenda boma lake kwanza.

Walipata mtoto mmoja tu aliyeishi, Winemar. Sheria ilikuwepo hata wakati ule kwamba mtoto wa padri hawezi kuwa padri, na shamba la kanisa harithi. Mlango uliobaki ulikuwa wa utawa, maana mtawa hafuatiliwi alikotoka. Basi Winemar alipofika miaka saba walimvusha mto hadi abasia, makao ya watawa, wakauzungushia mkono wake kitambaa cha altare pamoja na sadaka, wakamtoa kama wanavyotolewa watoto wengine. Mtoto akishatolewa hivyo hana tena baba wala mama. Ukimdai, unamdai Mungu.

"Nimempa Mungu," Reinilde aliniambia, "lakini Mungu hakusema kama ataniazima hata siku moja moja." Alikwenda langoni kwa watawa mara kadhaa na siagi na soksi za sufu. Siagi waliipokea. Mara ya mwisho mlinzi wa lango alimwambia mtoto huyo hana mama, na kwamba machozi ya wanawake yanawasumbua wavulana wasijifunze zaburi. Alirudi, akafua nguo za watu wote wa nyumba hii na ile, hata zilizokuwa safi.

Winemar alikua, na habari zake zikaanza kuvuka mto. Abasia ile wakati huo ilikuwa mahali pa raha. Watawa walikula nyama Kwaresima, kila mmoja alikuwa na chumba chake, wengine na mbwa wa kuwindia waliolala kitandani. Winemar alipochaguliwa kuwa abati, mkuu wao, aliwafukuza mbwa siku ileile. Akawalaza watawa wote katika ukumbi mmoja, akawaamsha usiku kusali, akawalisha kunde na mkate wa shayiri, na yeye akala kidogo kuliko wote. Mtawa mmoja alimrushia kigoda, akampasua nyusi. Winemar alifuta damu, akamwambia akirudishe kigoda mahali pake.

Sisi tulicheka na kujivuna. "Tangu mdogo alikuwa hivyo," Reinilde alisema. "Paka akiiba samaki, anamshtaki kwa baba yake." Na watawa walipomchagua kuwa askofu, nilipika pombe ya bure, kitu ambacho sikuwa nimefanya hata kwenye mazishi ya mama mkwe wangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hatukumaliza hata mwaka, ikaja amri: padri mwenye mke amwache mke, au aache altare. Na Wakristo wasisikilize misa ya padri asiyetii. Kijiji cha jirani padri wao alikataa, kanisa likafungwa, wakawa wanazika watu bila kengele kama wanaozika mbuzi. Kisha tukaambiwa Askofu anazunguka mwenyewe, kijiji kwa kijiji, na kwamba baada ya Pasaka zamu ni yetu.

Wanaume walikutana kwangu. Reinilde hakuitwa.

"Nimeulizia kwa karani wa bwana mkubwa," Tankmar alisema. "Sheria inamruhusu padri kukaa na mama yake, au shangazi yake, au dada yake. Hao hawana neno."

"Mama yake haiwezekani," alisema Siger, mhunzi wetu, ambaye hakuwahi kuuacha mzaha umpite. "Labda kama alimzaa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa."

"Ndiyo maana nasema dada."

"Na waliokuwepo kwenye harusi?"

"Nani amebaki? Kondoo?"

Wakacheka. Nikauliza, "Na Winemar mnamweka wapi katika hesabu hiyo?"

"Winemar ni mtoto wa Kanisa sasa," Tankmar akanijibu. "Hayo ya nani alimzaa nani yamekwisha."

"Kitovu hakifutiki kwa maji ya baraka, mume wangu."

"Mke wangu, mimina pombe."

Nikamimina. Ndivyo mipango ya wanaume inavyokamilika: mwanamke anauliza swali la maana, anaambiwa amimine.

Kwetu mtu akishitakiwa hujisafisha kwa watu kumi na wawili wanaomwapia. Wanakuja bila viatu wala mishipi, wanaweka mkono juu ya sanduku la mifupa ya mtakatifu, mmoja baada ya mwingine. Na hapa Rietkapelle kila mtu anajua tangu kunyonya kwamba ukiapa uongo juu ya mifupa ile, bahari inaingia. Hayo si masimulizi ya kutishia watoto. Babu yake Tankmar alizikwa na maji hayo. Tankmar aliyajua kuliko mtu yeyote kijijini, kwa kuwa ndiye aliyelala na sikio moja kwenye boma. Lakini ndiye aliyesema ataapa wa kwanza. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa, na nikaogopa vilevile.

Folkwin alipoelezwa hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Mungu anajua." Padri akisema Mungu anajua, ujue hataki yeye ajue.

Askofu alikuja kwa miguu, pekupeku katika matope, nguo yake imechakaa kuliko ya mchungaji. Alifuatana na makasisi wageni, na mkubwa wao, shemasi mkuu, alivaa buti nzuri na alikuwa akizionea huruma. Hao hawakujua lolote. Watu wa mbali walimjua Winemar kama mtawa tu. Reinilde alikuwa amesimama langoni kwake na kilemba safi. Mwanawe alifika pale, akampa baraka kama aliyompa kila mtu, akapita. Tangu akiwa na miaka saba, mama yake hakuwa amemwona kwa karibu namna ile.

"Amekonda," aliniambia. "Huko hawana maziwa?"

Tulikusanyika uwanjani, mbele ya kanisa. Shemasi mkuu ndiye aliyeuliza, "Padri Folkwin, ni nani mwanamke anayekaa nyumbani kwako?"



"Ni dada yake, bwana," Tankmar akasema. "Tuko hapa kumi na wawili, tutaapa."

Akatoka mbele, miguu mitupu, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mshipi ameuvua. Winemar alimtazama. Tankmar alikuwa akimbeba mabegani alipokuwa mtoto, kumwonyesha meli. Uso wa Askofu ulikuwa mweupe, ile alama ya kigoda ikaonekana wazi kwenye nyusi. Alijua fika kinachofanyika. Akanyoosha kidole, sanduku la mifupa likafunguliwa. Mpaka leo sijui kama alikusudia kuwazuia au kuwaacha waape na mambo yaishe. Nimegombana na swali hilo miaka mingi, wala halijanijibu.

"Tankmar," ikaita ile sauti ya kondoo. "Ondoa mkono wako hapo."

"Dada, nyamaza," nilimnong'oneza. "Nakuomba."

"Sinyamazi. Boma lile lina watoto nyuma yake." Akapita katikati ya watu, akausukuma mkono wa mume wangu kama anavyosukumwa mbuzi mlangoni. "Asanteni, jamani. Mmenipenda, nimeona. Lakini mna akili ya bata. Mkiapa mimi ni dada yake, huyu Askofu wenu nilimzaa na nani?"

Shemasi mkuu alimgeukia bwana wake, akasahau kabisa buti zake.

"Mimi ni mke wa Folkwin," Reinilde alimwambia. "Alinioa pale mlangoni, na kengele ikapigwa. Andika hivyo kama unaandika."

"Mwanamke huyu amesema kweli," Askofu akasema. "Ni mama yangu."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nilidhani, mjinga mimi, kwamba ukisema kweli mbele ya mwanao kuna kitu kitalainika. Winemar alimgeukia baba yake, akamuuliza kwa maneno yaleyale aliyowauliza mapadri wa vijiji vyote: altare, au mke. Akichagua altare, mwanamke atoke leo, na asiseme naye tena ila yale ambayo padri humwambia Mkristo yeyote. Akichagua mke, watoke wote wawili, maana nyumba ni ya kanisa.

Reinilde alimtazama mumewe. Nilimwona vizuri, nilikuwa ubavuni pake. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ameshaanza kufikiri wataishi wapi. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiwazia banda langu la kimea cha pombe.

Folkwin hakugeuka upande wake. Aligeukia kanisa, na yale macho yake yaliyofifia.

"Sijui kazi nyingine," alisema. "Nitabaki na altare."

"Haya," Reinilde akasema. Akafungua kilemba, akakifunga upya. Nilitaka kuokota jiwe. Sikuamua nimtupie nani, baba au mtoto, na nilipokuwa nikifikiri, nafasi ikapita.

Kisha Askofu akamsogelea. Alisema kwa sauti ndogo, lakini kijiji kizima kilikuwa kimetega masikio. "Mama, sheria inaruhusu mama akae na mwanawe. Kwangu kuna chumba. Njoo."

"Nilipotaka kuwa mama yako, waliniambia huna mama," alimjibu. "Nikalia, nikazoea. Nilichobakiwa nacho ni kuwa mke. Leo umeniondolea hata hicho, ndipo unanirudishia umama? Umechelewa nao, mwanangu. Nenda. Na ule vizuri."

Winemar aliweka kiganja kwenye ukuta wa makaburi, akakaa hivyo kidogo. Halafu akaondoka kwa miguu kama alivyokuja. Watu wananiuliza kama alilia. Nilimwona mgongo, na mgongo ni mgongo.

Reinilde alihamia bandani kwangu na kisanduku kimoja. Vile vyuma vya kuokea vilichukuliwa na watawa, na mikate ya misa ikaanza kuletwa kutoka abasia ndani ya kijaluba. "Mibichi katikati," alisema siku ya kwanza. Alinisaidia kukausha kimea, na watu walikuja kunywa kwangu zaidi, wengine kwa huruma, wengine kumtazama.

Folkwin alitii amri neno kwa neno. Wakikutana njiani alishuka kwenye matope kumpisha, kimya, kofia mkononi. Nilichukia kuliona jambo hilo. Nilimuuliza mwenzangu, "Wewe humchukii?"

"Namchukia siku za kufua," alisema. "Siku nyingine sina nafasi."

Kanisani alisimama nyuma pamoja na sisi. Na kwa kuwa hakuna tena aliyemkumbusha padri kalenda, Folkwin alianza kupotea. Angeweza kutangaza mfungo siku ya karamu. Ndipo Reinilde akawa anakohoa. Akikohoa mara moja, Folkwin anasita, anajisahihisha. Kukohoa hakujakatazwa na askofu yeyote. Siger alisema parokia yetu ndiyo pekee duniani inayoongozwa na kikohozi, tukacheka mpaka tukatoka machozi, nami yangu hayakuwa ya kicheko.

Halafu kikohozi kikawa cha kweli. Kilianza mvua za mwisho wa mwaka, kikashuka kifuani, akawa anatema damu kwenye kitambaa na kukikunja haraka nisione. Hakukaa sana. Siku aliyoniambia, "Avezoete, tafuta padri," maji yalikuwa yamefunika njia ya abasia na ukungu ulikuwa mzito tangu asubuhi. Mtawa asingeweza kufika. Nilikwenda ng'ambo ya njia, nikagonga.

Folkwin alikuja na mkate na mafuta matakatifu, akipapasa ukuta. Aliniambia nitoke, kama inavyopasa anayeungama akiungama. Nilitoka upande wa pili wa kiambaza, na kiambaza chenyewe ni fito na udongo. Atakayenihukumu na anihukumu.

"Binti yangu," akaanza, kama anavyoanza kwa kila mtu.

"Binti wa nani tena, na meno haya matatu," Reinilde akasema.

Aliungama. Alitaja hasira, wivu, na gao la shayiri aliloniibia kumlisha bata aliyevunjika mguu. Kisha akafika mwisho, na nilijua kilichobaki. Amri ya Askofu ilikuwa wazi: wanawake wa namna yake lazima walitaje jambo lile kwa jina na walijutie. Asiyejuta haondolewi dhambi, anakwenda nazo. Na padri anayemwondolea asiyejuta anajitwisha dhambi hiyo mwenyewe.

"Na kuishi na padri," Folkwin akasema. Akaanza tena. "Kuishi na padri kama mke wake. Unajutia?"

Alikohoa kwanza, muda mrefu.

"Ukitaka niseme ndiyo nitasema," alisema. "Lakini itakuwa uongo."

"Reinilde. Bila hilo siwezi."

"Najua huwezi. Ulishachagua altare, Folkwin, na imekugharimu. Usiiharibu leo kwa ajili yangu. Sijutii."

Nilishika fito za kiambaza kwa mikono miwili. Nilimjua mtu yule. Alikuwa mwoga tangu nilipomjua, akawa mwoga uwanjani, na nilisubiri kusikia kigoda kikisogea na mlango ukifunguliwa. Kigoda kilisogea. Kisha nikasikia magoti yakigusa sakafu.

"Mimi pia sijutii," alisema.

Akaanza maneno ya ondoleo, kwa sauti ya kanisani, yote mpaka la mwisho, akijua kwamba kwa sheria ya mwanawe hayana nguvu, na kwamba toka saa ile yeye mwenyewe hana padri atakayemwondolea. Akamlisha mkate. Halafu akakaa naye, amemshika mkono, wakizungumza mambo ya kondoo wa baba yake, mpaka Reinilde akaacha kujibu. Sikuingia. Nilikaa palepale juu ya magunia ya kimea hadi Folkwin aliponiita nije nimsaidie kumfumba macho, kwa kuwa yeye alikuwa haoni.